Kadi Iliyokataa Mbinga

Bonifasia Mbunda alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sisi majirani zake tuliucheka mpaka tukachoka: kila alichokimiliki alikitia tone la rangi ya kucha, nyekundu. Wanawake wote wa Mbinga hutia alama sufuria zetu kabla ya kuzipeleka kwenye harusi na misiba, maana vyombo vya nyumba nyingi vikioshwa karai moja, asiye na alama hurudi kwake na sufuria iliyotoboka ya mwenzake. Lakini wengine tunaishia kwenye sufuria. Bonifasia alitia tone kwenye jembe, kwenye kigoda, kwenye pembe ya mbuzi, kwenye kamera, na nina hakika angemtia hata mumewe Isidori kama marehemu angekubali kutulia.

Huyo Isidori alikuwa mpiga picha wa kutembea. Alipanda na kushuka milima ya Mbuji na Mpepai na kamera shingoni, akipiga picha za vitambulisho na za komunyo ya kwanza, na mkewe ndiye aliyezisafisha gizani nyuma ya blanketi. Alipofariki alimwachia kamera, watoto, na shamba la kahawa lenye miti mizuri kuliko yote katika ukoo wao. Hilo shamba ndilo kiini cha habari hii. Katika ukoo ule mjane halimiliki shamba la kahawa, analishika tu, na waliomshikisha wanaweza kumpokonya.

Mimi ninayesimulia ni Asteria, Mama Beata kwa majirani, Mngoni wa Peramiho niliyeolewa Mbinga. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Bonifasia kwa miaka mingi, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyabeba kwa mikono yangu. Nasema mapema kwamba sina upole wowote katika jambo hili. Anayetaka msimulizi mpole akamtafute mwingine.

Ukoo wa Isidori ulikuwa bado unashika sengu. Wananiambia zamani koo zote za Wamatengo zilikuwa nayo, siku hizi zimebaki za kuhesabu. Wanaume wa ukoo hukusanyika jioni kwa mzee wao, kila mke huleta chakula alichopika, wanakula pamoja, na wakishakula wanaongea mambo ya ukoo: mahari, mipaka, kijana mtukutu. Mwanamke huweka chakula na kwenda kungojea vyombo jikoni. Yanayosemwa pale hayafiki jikoni isipokuwa wao wenyewe wapende. Mzee wa sengu hiyo alikuwa Baltazar, baba mkwe wa Bonifasia, mtu wa sauti ndogo ambaye sijawahi kumsikia akigomba.

Miaka ile ushirika ulikuwa umeshalala, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na mizani zao. Kulikuwa na msimu mmoja bei ilipanda, watu wakaezeka mabati na kuoa mke wa pili. Halafu ikaporomoka, mabati yakabaki, wake wa pili wakarudi kwao. Bonifasia akasema kahawa anapangiwa bei na watu asiowajua, lakini harusi haijawahi kushuka bei. Akaomba ruhusa atumie mauzo ya msimu mmoja kununua kompyuta ya kuediti video, pamoja na kamera ya mkanda.

Ombi likapelekwa sengu. Alipika, akapeleka chakula, akakaa jikoni akisikiliza sauti asizoweza kuyashika maneno yake. Kumbe aliyesimama upande wake alikuwa shemeji yake Tadei, mdogo wa Isidori, aliyesomea ufundi wa umeme Songea na kurudi na miwani ya jua. Uamuzi ukatolewa hivi: anunue. Ila mashine ikishindwa kulisha nyumba, asije akalia. Shamba litarudi kwa ukoo, litashikwa na Tadei mpaka Vitalis, mwana wa kwanza wa Bonifasia, atakapooa. Yeye atapewa kipande cha mteremko achimbe ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, apande mahindi kama wanawake wengine.

Bonifasia hakuliona lile sharti. Aliona ruhusa tu.

"Shemeji Tadei ndiye aliyenifungulia mlango," alikuwa akisema kwa kila mtu, hata kwa wateja waliokuja kuulizia bei ya picha za pasipoti. "Bila yeye ningekuwa mteremkoni na jembe."

Mwaka uliofuata Vitalis naye akaitwa kuketi sengu pamoja na wanaume. Alikuwa kijana mkubwa, ana ndevu, anajua kupogoa kahawa kuliko baba yake. Siku hiyo mama yake alicheza peke yake dukani, kwenye chumba cha mbele alichokigeuza studio, nikamwambia ashike adabu, wateja wanamwangalia.

"Acha waangalie, Mama Beata," akanijibu. "Sasa na mimi nina masikio yangu ndani ya sengu."

Studio ikaenda vizuri. Harusi, ubatizo, jubilei za masista, hata mnada wa ng'ombe aliwahi kuitwa kuurekodi na tajiri mmoja aliyetaka kujiona. Kisha wimbi la kwaya likaingia. Kila kwaya ilitaka kutoa video, iuzwe kwenye sidii, ichezwe kwenye mabanda na kwenye sherehe. Kwaya moja ya Mpepai ikamfuata Bonifasia. Nyingine mbili zikasema zinangoja kuona hiyo ya kwanza itatokaje.

Sasa niambie, ni kwaya gani itakubali kurekodi bila maji nyuma yake? Tukashuka wote Liuli kwa lori, mimi nikiwa fundi wa sare, za njano, nilizozishona hadi vidole vikaota sugu. Kwenye kona za kushukia ziwani sauti ya pili yote ilitapika. Tulipofika, wakapangwa juu ya mawe, ziwa likimeta nyuma yao, wakaanza kuyumba kulia na kushoto. Mbuzi wa watu wakapita katikati ya wimbo wa toba. Wavuvi waliokuwa wanaanika usipa, dagaa wa ziwani, wakaacha kazi wakaja kutazama, na mmoja akauliza kwa sauti kama hawa ndio wale Wakatoliki wa milimani wasiojua kuogelea. Bonifasia alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena.

Tatizo lilianza alipoketi kuziunganisha zile picha. Kwaya ilitaka maua yadondoke kwenye kioo, majina yapite, na mwimbaji aonekane mara mbili, mkubwa na mdogo. Kompyuta ikachoka. Ukiweka maua, picha inakwama. Midomo ilikuwa kwenye ubeti wa pili wakati sauti imeshafika kiitikio, na sura ya mwalimu wa kwaya ikakatika vipande vya mraba. Krismasi ilikuwa inakuja, na kwaya ilitaka kuuza siku hiyo hiyo.

Akaitwa Tadei. Alikuja na bisibisi yake, akalifungua lile boksi la kompyuta, yaani sipiyu, akatuita tuangalie. Ndani kulikuwa na ubao mpana wa kijani ambao mafundi wanauita mazabodi. Alisema kila kitu kinachomekwa kwenye ubao huo, na kinachokosekana kwake ni kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora vinavyoonekana kwenye kioo ili kompyuta yenyewe isilemewe.

"Lakini shemeji, si kila kadi inaingia kila mazabodi," akasema. "Lazima ujue sloti yako, yaani tundu la kuchomekea. Hizi nyeupe ni za vitu vingine. Yako ni hii ya kahawia, imejitenga. Na tazama ndani yake, kuna kijino kinachoziba, kipo upande wa mbele, mbali na mgongo wa boksi. Kadi yenyewe lazima iwe na pengo pale pale penye kijino. Pengo likiwa upande wa nyuma, hata ukipiga nyundo haiingii."

Bonifasia alirudia maneno yale mpaka akayashika: ya kahawia, kijino mbele. Alinifundisha na mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naenda Dar es Salaam kununua vitambaa vya Krismasi. Halafu, kabla boksi halijafungwa, akatoa kichupa chake cha rangi ya kucha akadondosha tone kwenye ubao, pembeni mwa ile sloti.

Tadei alicheka. "Shemeji, hata humu ndani? Nani atakuja kukuibia mazabodi?"

Sote tulicheka. Mimi nilicheka sana, na bado nakumbuka alivyokuwa akifuta machozi ya kicheko chini ya ile miwani.

Nilipokuwa najiandaa kwa safari, Tadei alituma mtu aseme mashine ipelekwe kwake ikapulizwe vumbi kabla kadi haijaja, kwani vumbi la Mbinga linaua kadi mpya. Vitalis ndiye aliyeibeba begani. Iliporudi, waya wa kioo ulikuwa umehamia tundu jingine la nyuma, na mashine ilikuwa nzito kuliko mwanzo, inawaka polepole kama mzee anayeinuka kitandani. Bonifasia aliuliza. Tadei akasema ameweka kikadi kidogo cha kumsaidia kwa muda, na huo uzito ni virusi alivyovikuta humo, atavisafisha kadi kubwa ikifika. Bonifasia akamshukuru, akampa na debe la maharage.

Mimi Dar sikukosea. Nataka hili lieleweke. Nilizunguka Kariakoo na vitambaa vyangu kichwani mpaka nikapata duka la kijana mmoja aliyekuwa na subira. Nikamwambia: sloti ya kahawia, kijino mbele, mbali na mgongo. Akanichekea, akasema mama umesomea wapi, kisha akachukua mazabodi moja mbovu ya dukani yenye kijino mahali hapo hapo, akaishindilia kadi mbele ya macho yangu. Ikalia ta! Ikakaa. Niliifunga katikati ya khanga nikailinda njia nzima, usiniulize vitambaa vyangu vilipata mvua kiasi gani.

Tadei akaja kuifunga. Bonifasia alishika tochi kwa kuwa umeme ulikuwa wa mgao, Vitalis alishika boksi, mimi nilisimama mlangoni nikingoja sifa zangu. Tadei aliinamia sipiyu, mabega yake yakiziba kila kitu. Akasukuma. Akageuza. Akasukuma tena. Kisha akainuka, akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kuipiga kofi.

"Dada Asteria, wamekuuzia siyo. Pengo limekaa upande mwingine."

"Pengo liko mbele kama ulivyosema," nikamjibu. "Nimeona likiingia kwa macho yangu."

"Watu wa Kariakoo ni wajanja, dada. Hili si jambo la kitambaa."

Alifunga boksi, akakaza skrubu. Nikamtazama Bonifasia nikingoja anitetee. Aliifunga ile kadi kwenye khanga yangu, akaiweka juu ya kabati, na nikajua amemwamini shemeji yake. Kwa nini asimwamini? Yeye ni fundi, mimi ni mshona sare. Lakini iliniuma, na nilihamisha cherehani yangu upande wa pili wa baraza, nikawa nashona nikiwa nimempa mgongo.

Siku zikayoyoma. Mwalimu wa kwaya akaja mara kwa mara, kwanza na tabasamu, baadaye bila. Tadei akaanza kusema kwa upole kwamba labda kazi hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na kwamba si aibu kupumzika. Mzee Baltazar naye akatuma ujumbe kuuliza hali ya mashine. Bonifasia alisema baba mkwe anamjali.

Hatimaye alikuja upande wangu wa baraza, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama Beata, mwalimu wa kwaya ameniambia kuna kijana Liuli, anaitwa Edmund, ana duka la kuchapa barua na mitihani. Anasema kompyuta yake siku hizi inakimbia sana. Nakwenda kumwomba anipe nafasi nimalizie kazi kwake. Nitaichukua na ile kadi, pengine itaingia kwenye yake."

"Nenda."

"Twende wote. Umeinunua wewe. Ikikataa na kule, uione mwenyewe ikikataa."

Nilikwenda kwa hasira tu. Njia nzima hatukuongea isipokuwa kuhusu bei ya nauli.

Edmund tulimkuta kwenye kibanda chake jirani na pwani, jenereta ikinguruma nje. Alikuwa Mwanglikana mwenye heshima, shati limechomekewa, akatuamkia shikamoo na kututolea viti. Bonifasia alimweleza shida yake, ila hakutaja jina la ukoo, alisema tu ametoka Mbinga. Edmund akasema hana kinyongo, mashine ipo, kama kadi inaingia na aingize, kwa kuwa hata yeye atafaidi kuona picha nzuri. Akazima jenereta, akafungua boksi, akampisha.

Bonifasia aliinama. Nilimsikia akijisemea kwa sauti, kama mtoto anayesoma: "Ya kahawia. Kijino mbele." Akanyoosha mkono nimpe kadi. Nikampa. Akaiweka juu ya sloti, akabonyeza kwa vidole gumba viwili, ikalia ta! Ikakaa kama ilivyokaa Kariakoo. Moyo wangu ulijaa, nikataka kusema maneno yote niliyoyalimbikiza. Lakini hakuinuka. Aliendelea kuinama vilevile, kidole chake kimegusa kitu pembeni ya kadi.

Nikasogea. Kwenye ubao wa kijani, karibu na sloti, palikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu.

"Edmund, baba," akasema bila kugeuka. "Mazabodi hii uliipata wapi?"

"Tulibadilishana, mama. Mimi nilikuwa na ya zamani, nzito sana, ukitaka kuchapa ukurasa mmoja unaweza kwenda kuoga ukarudi. Kuna fundi wa Mbinga anaitwa Tadei, alikuja akaichukua hiyo yangu, akanipa hii, nikamwongezea kidogo. Niliogopa nisije nikauziwa mali ya wizi, maana maneno hayakosekani. Lakini alikuja na baba yake mzazi, Mzee Baltazar, mtu wa heshima. Mzee ndiye aliyenihakikishia. Alisema ni ya mjane wa mwanawe, kwamba ameshindwa studio na anaifunga, na mjane mwenyewe ndiye aliyetaka vitu vyake viuzwe."

Nje mtu alikuwa anagombana na bata. Edmund alimtazama Bonifasia, akanitazama mimi, halafu nikaona uso wake ukibadilika.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi," akasema Bonifasia. Akakaa chini sakafuni, pale pale, na gauni lake zuri la safari. "Mama Beata, nisamehe."

Kijana wa watu alitaka kuing'oa mazabodi ampe saa ile ile. Bonifasia akakataa, akamwambia asubiri kwanza aende akaulize nyumbani. Alikuwa bado anatafuta tundu la kuwatolea wale watu. Ndani ya lori aliniambia pengine ile mazabodi ilipata hitilafu, shemeji akaona aibu. Pengine baba mkwe alidanganywa naye. Nikamwambia mchawi mpe mwana kulea, wewe umempa na kitanda. Hakucheka.

Jioni ya kesho yake alipika kama kawaida. Ugali, maharage ya karanga, mboga za maboga. Nikamsaidia kubeba. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka ukumbini kwa Mzee Baltazar: mzee mwenyewe, Tadei, baba wadogo na binamu, na Vitalis karibu na mlango kama inavyompasa kijana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Weka chakula."

Akaweka. Hakutoka. Binamu mmoja akakohoa kumkumbusha njia ya jikoni.

"Baba, nimetoka Liuli kwa Edmund. Nimeiona mazabodi yangu. Amesema mliipeleka wewe na shemeji."

Nilingoja wakanushe. Nilikuwa nimeandaa majibu yangu, ya Kingoni na ya Kiswahili. Tadei aliangalia mkeka. Mzee Baltazar akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ni kweli."

"Kwa nini, baba?"

"Keti, mwanangu."

"Nitasimama."

"Siku ile ulipoomba mashine, unadhani tulikubali kwa nini? Shamba lile ni jicho la ukoo. Tukikunyang'anya, watu wa kanisani watasema tunamdhulumu mjane. Tadei akatushauri tukuache ujaribu. Mashine ya kisasa, mwanamke peke yake, itakushinda tu, na shamba litarudi lenyewe bila ugomvi. Basi, tumengoja. Tumengoja sana." Akavuta bakuli la maji ya kunawa karibu yake. "Haikukushinda. Ikabidi tuisaidie."

Alisema hivyo bila ukali wala aibu, kama mtu anayeeleza jinsi alivyopogoa mti. Kumbe Tadei aliposimama upande wa Bonifasia mbele ya sengu alikuwa amesimama mtegoni, anaukagua. Ile fadhila Bonifasia aliyoitangaza dukani kwa kila mpita njia haikuwahi kuwepo hata siku moja.

Mimi nilishindwa, nikapaza sauti. Nilimwita Tadei jina ambalo sitaliandika. Bonifasia alinishika mkono kuninyamazisha, kisha akageuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Vitalis. Ulijua?"

Yule kijana alikuwa ameshika kipande cha mkeka anakichambua nyuzi.

"Vitalis, nakuuliza mimi. Siku unaibeba ile sipiyu begani, ulijua?"

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Ya sengu hayatoki sengu."

"Ulijua."

"Babu alisema shamba litakuwa langu. Alisema si wizi, ni mali inarudi nyumbani. Na wewe ungepata kipande chako cha mteremko, hungekosa kula."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Je, uliyemzaa mwenyewe? Hilo sikupata kulisikia likisemwa popote, na wala sijui kama kuna aliyewahi kuthubutu. Bonifasia alisimama akimtazama mwanawe, mikono imening'inia. Mzee Baltazar akanawa. Akapitisha bakuli. Mmoja baada ya mwingine wakanawa, wakaanza kula chakula chake.

Nilimwambia aende mahakamani. Niliahidi kutoa ushahidi, na Edmund aliahidi pia, hata nauli yake alisema atajilipia. Alinijibu kwamba upande wa pili wa mahakama atakaa Vitalis, na hawezi kumtazama kutoka upande ule. Nilimgombeza kwa hilo, na ningemgombeza tena leo. Shamba likaenda. Miti ya Isidori ikavunwa na Tadei msimu uliofuata, na wanasema alipata bei nzuri.

Bonifasia alishuka Liuli na watoto wake wadogo. Edmund alimpa nusu ya kibanda, na kwenye ile mazabodi yenye kadi ya picha ya Kariakoo maua yakadondoka bila kukwama na midomo ikaimba pamoja na sauti. Kwaya ya Mpepai ilipata sidii zake kabla ya Krismasi. Zile mbili zilizokuwa zinangoja zikaja, na baada yao zikaja za Kianglikana za pwani, ambazo zilisema ziwa ni lao na haifai Wakatoliki wapendeze nalo peke yao. Anaishi vizuri. Anakula usipa na ugali wa muhogo kama mtu aliyezaliwa pale, na watoto wake wanajua kuogelea.

Vitalis ameoa. Hushuka kumsalimia mama yake kila baada ya mavuno, na nimewahi kuwepo siku moja alipofika. Bonifasia alimpokea kwa mikono miwili. Akamtolea kiti cha mgongo, akatandika kitambaa mezani, akachinja kuku, akaja mwenyewe na birika kumnawisha. Watoto wake wadogo walikuwa uani wanakula usipa kutoka sinia moja, wanagombania mkia wa mwisho. Vitalis alilitazama paja la kuku mbele yake, akatazama uani, machozi yakaanza kumtoka.

"Mama, nipe usipa na mimi. Mimi si mgeni."

"Kula kuku, baba," akasema Bonifasia kwa adabu, akimmiminia maji. "Usije ukarudi kwenu ukasema Liuli walikulaza njaa."